Unalala Karibu na Nani?

Rejista ya kifua kikuu ni kitabu kipana kuliko meza nyingi za zahanati. Mstari wa mgonjwa mmoja huvuka kurasa mbili: jina, umri, aina ya TB, matokeo ya makohozi anapoanza dawa, mwezi wa pili, wa tano, na mwisho wa dozi. Ndani yake kuna safu moja ya anwani. Nilipoanza kujitolea katika kazi ya afya mjini Thika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, safu hiyo ndiyo iliyoamua nani atafuatwa akikosa dawa na nani ataachwa. Aliyeandikiwa "Kiandutu, nyuma ya kanisa" alitembelewa. Aliyeandikiwa "stage", yaani kituo cha matatu, alisubiriwa aje mwenyewe, na miezi miwili ikipita bila yeye kuonekana, mstari wake ulifungwa kwa neno moja: ametoroka.

Wengi wa watoro hao hawakuwa wameenda popote. Niliwaona asubuhi nikienda sokoni, wamebeba magunia ya plastiki yaliyowazidi kimo. Thika ni mji wa viwanda. Kuna mananasi ya Del Monte, kuna ngozi, nguo na mafuta ya kupikia, na penye viwanda pana mabaki, na penye mabaki hapakosi watu wanaoishi kwayo. Mchana walitawanyika kuokota chuma chakavu, katoni na chupa, wengine hadi jaa la taka la Kang'oki. Usiku walirudi besi. Mpita njia huona rundo la magunia na kuharakisha hatua, lakini besi ni boma: ina kinara wake, ina sheria zake, ina wageni inaowapokea na inaowafukuza.

Kliniki ilikuwa ikiwauliza mambo ambayo hawakuwa nayo: nyumba, jamaa wa karibu, kitambulisho. Basi walijibu lolote lililowajia. Katika rejista moja niliwahi kukuta jina la mchezaji wa timu kubwa ya Uingereza, limeandikwa kwa mwandiko safi wa muuguzi asiyejua lolote kuhusu kandanda.

Kifua kikuu husafiri hewani. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, hata akicheka, vijidudu hutoka na kuelea, na mahali palipofungwa vinaweza kuelea kwa saa nyingi. Hakiambukizwi kwa kijiko wala kwa kusalimiana, wala kwa kukalia kiti alichokalia mgonjwa. Kinahitaji watu kuvuta hewa moja kwa muda mrefu. Sasa fikiria usiku wa Julai, baridi ya Thika inauma, na watu sita wamejibana chini ya karatasi moja ya nailoni iliyokandamizwa kingo zote kwa mawe ili upepo usipenye. Upepo huo waliouzuia ndio ungewasaidia. Ongeza njaa, chang'aa, gundi, na kwa baadhi yao virusi vya UKIMWI. Wengi wanaovuta vijidudu vya TB hawaugui maishani mwao, kwa kuwa mwili huvizuia. Mwili uliodhoofika hauviwezi.

Dozi ya kawaida nchini ilikuwa ya miezi minane. La ajabu ni kwamba dozi ya miezi sita ilithibitishwa hapahapa kwetu: majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kwa kushirikiana na nchi za Afrika Mashariki, yaliyoanza kuchapishwa 1972, yalionyesha kwamba rifampisini ikiwekwa kwenye mchanganyiko, mtu anaweza kupona kwa nusu mwaka badala ya mwaka mmoja na nusu. Lakini rifampisini ilikuwa ghali, na wakubwa waliogopa kwamba ikitolewa bila mtu kushuhudia ikimezwa, vijidudu vitaizoea. Kwa hiyo mgonjwa aliipata miezi miwili ya kwanza tu, kisha akamalizia miezi sita kwa dawa zisizo na nguvu kama yake. Miezi minane, kwa mtu ambaye hajui Jumamosi atalala wapi!

Baada ya wiki chache za dawa kikohozi hupungua, homa za usiku hukoma, na hamu ya kula hurudi kwa kishindo. Hapo ndipo wengi walipoacha. Sisi tulidhani wameacha kwa sababu wamejisikia nafuu, kama vitabu vya mafunzo vilivyosema. Kijana mmoja aliyelala karibu na soko la Jamhuri ndiye aliyenieleza vingine. "Mathe," aliniambia, "hizo tembe zinaniletea njaa, na wewe hujaniletea chakula."

Nilimpelekea jibu hilo mama mmoja aliyeuza uji na mandazi karibu na stage, ambaye vijana wa besi tatu walikuwa wakinywa kwake, wengine kwa mkopo. Hakuhitaji mahubiri. Pakiti za dawa zilihamia kwenye ndoo yake yenye kifuniko, kila moja na alama ya mwenyewe, maana mfukoni mwa mtu wa mitaani dawa haidumu: mvua hunyesha, wenzake humpekua, na msako wa usiku ukifika magunia huchomwa na kila kilichomo. Mgonjwa alifika alfajiri, akameza mbele ya mama, akapewa kikombe. Nadhani yule mama ameponya watu wengi kuliko semina zote nilizohudhuria, na semina zilikuwa na chai.

Vinara wa besi nao walijipatia njia yao ya kukagua. Rifampisini huupa mkojo rangi ya machungwa. Anayedai amemeza dawa alipelekwa ukutani asubuhi na wenzake wakatoa hukumu. Mchezo huo waliuita "Fanta". Sikuufundisha mimi, na sikuuzuia.

Sista mmoja mstaafu, aliyekuwa amehudumu Kaskazini Mashariki kabla ya kujenga nyumba yake Ruiru, ndiye aliyenifungua macho kwamba tatizo letu halikuwa jipya. Alinisimulia habari za Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuja Kenya 1969 na kuishi Wajir. Hakuwa daktari, alisomea sheria. Wafugaji wa kuhamahama walikuwa wakifa kwa TB, na kila aliyewaangalia alisema hawatibiki kwa sababu hawakai mahali pamoja. Mwaka 1976 ukaanza mradi uliokuja kujulikana kama manyatta ya TB: mgonjwa alikuja na mikeka na vijiti vyake, akasimika kibanda chake karibu na kituo, akakaa hapo na kumeza dawa mbele ya mtu mpaka amalize. Kituo kilikubali kuwa kambi. Mtindo huo ulienea sehemu nyingine za kaskazini, na kumeza dawa chini ya macho ya mtu kukaja kuwa mkakati wa dunia nzima. Tonelli mwenyewe alifukuzwa nchini baada ya kupaza sauti kuhusu mauaji yaliyofanyika Wagalla, huko Wajir, Februari 1984. Akaendelea na kazi ileile kwa Wasomali, akapewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi Borama, Somaliland.

Sista alimaliza simulizi akaniuliza, "Sasa nyinyi huku Thika, mnangoja hawa vijana wajenge ndiyo muwatibu?"

Sikuwa na jibu. Na serikali, kwa upande wake, ilikuwa na jibu la aina nyingine. Agosti 2010 wanaume wawili walihukumiwa Kapsabet kufungwa gerezani miezi minane, muda sawa na dozi, kwa kosa la kuacha dawa za TB. Sheria iliyotumika ilikuwa kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, kinachoruhusu kumtenga mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Walitoka baada ya wiki kadhaa kwa amri ya Mahakama Kuu, lakini habari ilishasambaa. Habari za namna hiyo hufika besi kabla ya kufika gazetini. Kwa muda mrefu baadaye nilipotokea na vikopo vyangu vya makohozi, hakuna aliyekohoa. Mtu mzima alibana kikohozi mpaka machozi yakamtoka, nami nimesimama pale nikijifanya sioni. Mnamo Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga jela wagonjwa wale kulivunja Katiba, na akaagiza serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa kwa utu. Ukiniuliza mimi, jela iliyofurika ndiyo mahali pa mwisho pa kumpeleka mtu anayetoa vijidudu hewani, na halikuwa jambo la kungoja jaji.

Wakati hayo yakiendelea, ramani yenyewe ilihama. Ujenzi wa barabara kuu ya Thika ulianza 2009, na Novemba 2012 Rais Kibaki akaizindua. Wenye magari walipata njia nane. Wasio na makao walipata paa la zege. Chini ya madaraja, kwenye makutano na pembeni mwa vivuko vya miguu pakawa na malazi makavu ambayo hayakuwepo. Ruiru, iliyokuwa ya mashamba ya kahawa na kituo cha reli, ilijaa nyumba za kupanga ghorofa kwa ghorofa, na pamoja nazo taka, yadi za skrapu na kazi za mjengo. Vijana wa Thika wakaanza kushuka. Mtu aliyeanza dawa Thika mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ungesikia yuko Kimbo, akikosana na watu wa Kimbo anaonekana Githurai, na Krismasi amerudi Makongeni. Matatu ilimchukua bure akisaidia kuita abiria.

Ugatuzi wa 2013 ulitusaidia kwa jambo dogo ambalo halitajwi kwenye hotuba. Thika na Ruiru zote ziko Kaunti ya Kiambu, na taratibu mgonjwa alianza kuhesabiwa kuwa wetu sote, badala ya kuwa mtoro wa huku na mgeni wa kule. Mwenzangu wa Ruiru alikuwa akinipigia simu jioni: "Wako mwenye kovu la shavu yuko kwangu, ameulizia uji." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yetu ya uhamisho, na ilifika upesi kuliko ile yenye muhuri.

Vipimo navyo vilibadilika. Zamani makohozi yalichukuliwa mara mbili au tatu, moja ikiwa ya alfajiri, na mgonjwa alitakiwa kurudi kesho yake, kisha siku nyingine kwa majibu. Kila "rudi kesho" ilitupotezea watu. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, inatoa jibu kwa muda usiofika saa mbili na kusema papo hapo kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini. Ilipofika kwetu, niliweza kuchukua kopo asubuhi na kumkuta mtu palepale jioni kabla hajalewa. Halafu ukaja utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016, ambao ulituambia kwamba karibu wagonjwa wanne kati ya kila kumi nchini hawakuwa wakigunduliwa kabisa, na kwamba wengi waliokutwa na TB hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili tulichofundishwa kukitafuta. Picha ya kifua ndiyo iliyowafichua. Mimi niliyekuwa nikipita besi nikiuliza "nani anakohoa?" nilielewa kwamba swali langu lilikuwa likiwaruka watu.

Swali likabadilika. Tuliacha kuuliza mtu anaishi wapi. Tukauliza: unalala karibu na nani? Unauza skrapu kwa nani? Mvua ikinyesha unajibanza wapi? Jumapili unashinda wapi? Majina hayakuhitajika. Mtu wa mitaani anaweza kukuficha jina la rafiki yake mpaka kiama, maana jina limewahi kumpeleka mtu kituoni, lakini atakuchorea kwa mkaa kwenye sakafu mpangilio wa walivyolala jana, nani ukutani, nani katikati, na mbwa yuko upande gani.

Mara moja mtindo huo ulitupa jambo ambalo rejista isingetupa kamwe. Wagonjwa watatu walitokea kwa muda mfupi kutoka besi tatu zisizoelewana, mbili zikiwa na uhasama wa damu. Hawakulala pamoja na hawakula pamoja. Tulikuwa tumeanza kudhani ni bahati mbaya tu ya mji. Kisha mmoja, akihesabu mahali anaposhinda, akataja kibanda cha video: chumba cha mabati kisicho na dirisha, shilingi kumi, filamu za mapigano zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na mashabiki wamebanana kwenye mabenchi kutoka adhuhuri hadi usiku. Wengine wawili walikuwa wateja wa palepale. Tuliporudi na vikopo tukapata mgonjwa wa nne, ambaye hakuwa mtu wa mitaani hata kidogo. Alikuwa na chumba cha kupanga, kitambulisho, na mke. Ndiye aliyewakatia wateja tiketi mlangoni.

Mwenye kibanda alikasirika kama ambavyo mfanyabiashara yeyote angekasirika. Hatukumtishia kufunga. Fundi alikata mabati pande mbili zinazotazamana, juu ya vichwa, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Kuzuia mwanga akapachika vipande vya bati vilivyoinama. Kazi iligharimu pesa kidogo kuliko kumtibu mtu mmoja mwenye TB sugu, ambaye wakati ule alichomwa sindano kwa miezi na kumeza dawa karibu miaka miwili, wengine wakipoteza uwezo wa kusikia. Siku hizi TB sugu inatibika kwa vidonge bila sindano, kwa wengi miezi sita tu. Ni badiliko kubwa kuliko yote niliyoyaona, nami nalitaja kwa mstari mmoja kwa kuwa dirisha la kibanda ndilo ninalolijua vizuri.

Kuwafuata watu kwa mahali walipo si uvumbuzi wa Thika. London kuna gari lenye eksirei lililoanza kuzunguka kwenye malazi ya wasio na makao mwaka 2005. Kwetu nazo mashine ndogo za eksirei zinazobebeka zimekuja, kompyuta ikisoma picha na kuonyesha nani apimwe makohozi. Foleni ya siku ya kwanza ilikuwa ndefu kwa sababu vijana walitaka kuona mbavu zao.

Watoto ndio waliokuwa wakinikosesha usingizi. Besi za Thika na Ruiru zina akina mama, na mtoto mchanga anayelala kifuani pa mwenye TB huugua vibaya, wakati mwingine ubongoni. Zamani tulikata vidonge vya watu wazima kwa wembe na kukisia. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuanzisha kitaifa vidonge vya watoto vyenye ladha ya matunda, vinavyoyeyuka majini. Na kwa mtoto ambaye hajaugua kuna dawa ya kinga, ambayo tulijifunza kuitoa kwa wote waliolala chini ya nailoni moja na mgonjwa baada ya kuhakikisha hawana TB tayari.

Mwaka 2018 serikali iliwahesabu watu wa mitaani nchi nzima kwa mara ya kwanza, ikapata 46,639, zaidi ya 15,000 wakiwa Nairobi. Kufikia Machi 2020 wengi wao walikuwa hawajui waende wapi saa moja usiku, kafyu ya korona ilipoanza. Mwezi uliofuata eneo la Nairobi lilifungwa, na mpaka wake upande wetu ukawa daraja la Chania. Wagonjwa wawili niliokuwa nao walikuwa ng'ambo, upande wa Murang'a, mama wa uji upande huu. Dawa zilivuka kwa mkono wa dereva wa lori la chakula, aliyeruhusiwa kupita. Barakoa, ambazo miaka yote tulikuwa tukiwabembeleza wagonjwa wavae, sasa kila mtu alivaa, ila kikohozi kikarudi kuwa cha kufichwa.

Siku hizi kazi ina sura nyingine. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walikabidhiwa mikoba ya vifaa na simu, na posho, jambo ambalo sisi wa zamani tulilisikia kama hadithi. Simu inasajili kaya. Vijana wanaonirithi waliniuliza wataisajilije besi, nikawaambia waandike kinara kama mkuu wa kaya, mfumo utakubali. Ukakubali. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kazi nyingi zilitikisika, tukarudia njia zetu za zamani za kupeleka makohozi: kipoza cha barafu, bodaboda, na deni.

Yupo mmoja aliyerudi mwaka jana akiwa na TB kwa mara ya tatu. Daktari alitaka kujua aliacha dawa mwezi gani. Hakuacha. Mara zote mbili alimaliza, makohozi yake yakawa safi, akaandikiwa amepona, akarudi kulala palepale chini ya daraja karibu na watu walewale. Panapokuwa na TB nyingi mtu huambukizwa upya, na hakuna kidonge cha kuzuia hilo milele. Tuliomba ofisi moja chumba chenye madirisha, hata cha vitanda kumi, ambapo mtu angelala miezi ya dawa na michache ya baadaye. Tuliambiwa tuandike pendekezo, tukaliandika.

Kwa sasa tumewapima wanne waliolala naye. Mmoja ameanza dawa Ruiru, na watatu wako safi na wanameza kinga mara moja kwa wiki. Nailoni wameikubali iachwe wazi upande wa mto, ila wanadai blanketi nzito, na wana haki.